Bonyeza Endelea

4 Februari

Mjomba,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango wa duka lako. Nakuomba kila neno lililomo humu libaki kati yako na mimi. Usimwambie mama kwenye simu, hata kipande cha salamu, kwa sababu mama akipewa salamu atadai na zilizobaki. Ukimaliza, ichane. Wala usinipigie. Simu yangu naishika tu, siiamini.

Shikamoo. Jumapili nilikwenda nyumbani. Mguu wa mama umepungua uvimbe, anafika bombani na kurudi bila kukaa njiani. Mdogo wangu amefaulu hesabu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe na sasa hasemeki. Anataka tumwite Profesa. Tunamwita, ili tupate amani.

Mjomba, nina swali la kompyuta, na wewe ndiye fundi pekee ninayeweza kumuuliza. Unajua niko masjala ya mahakama. Siku hizi mashauri yote yanaingizwa kwenye tovuti yetu: tarehe, majina ya wadaawa, na kwa majalada yaliyofungwa kwa siri, mahali mashahidi wanapoishi, ili kitengo cha ulinzi kijue pa kuwafuata siku ya kesi. Kazi ya kuingiza hayo ni yangu.

Kila asubuhi tukiifungua tovuti hiyo, kabla hatujafika kwenye nenosiri, unatokea ukurasa mweupe wenye pembetatu nyekundu. Unasema muunganisho wetu si wa faragha na kwamba huenda kuna watu wanajaribu kuiba taarifa zetu. Chini kuna maneno madogo, "Maelezo zaidi", na ukiyabonyeza unaona neno "Endelea". Tunabonyeza, tunaendelea. Imekuwa hivyo zaidi ya mwaka. Kuna mtu hapa ofisini ameandika hata karatasi na kuibandika juu ya kila kioo: "Onyo likitokea, bonyeza Maelezo zaidi, kisha Endelea."

Nilimuuliza msajili wetu. Tunamwita Bwana Taratibu, kwa sababu kila kitu kwake ni kwa mujibu wa taratibu. Akanijibu bila kuinua macho, "Binti, hiyo kompyuta inakuonya wewe au inanionya mimi?" Nikasema inatuonya sote. "Basi mimi mkuu wako nimeshaonywa. Bonyeza endelea."

Nisingekusumbua, lakini mwezi huu tunaanza kusikiliza kesi ya moto wa ghala. Wale wafanyakazi tisa walioungua ndani na mlango umefungwa kwa nje. Mashahidi wamo kwenye majalada yangu. Kila nikibonyeza lile neno, nawafikiria hao.

Niambie tu kama ni ujinga wangu.

Mpwa wako


18 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefunga mlango, wateja wawili wameondoka wakinitukana. Mmoja anasema mjomba wako ameanza kulala mchana. Nimeshukuru habari za mguu. Mpe Profesa pongezi zangu na umwambie asahihishe saa yangu ya ukutani, imenishinda.

Si ujinga. Sikiliza.

Tovuti yoyote ya maana ina cheti, kama kitambulisho cha mtu. Kivinjari chako ni mlinzi wa getini: kinataka kukiona kabla ya kukuruhusu uingie. Kinatazama mambo matatu. Je, cheti kiko ndani ya muda wake? Je, jina lililoandikwa ni la tovuti uliyoiita? Na je, aliyekitoa anajulikana? Moja likikataa, mlinzi anapiga kelele. Kelele ni ile ile nyekundu kwa yote matatu, na hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaona rangi, hawasomi maneno.

Anza na lililo rahisi. Tazama saa na tarehe ya kompyuta, pale chini pembeni. Kompyuta inayodhani tuko miaka kumi nyuma itakiona kila cheti kama cha mtoto ambaye hajazaliwa. Mara tisa katika kumi, tatizo ni hilo. Rekebisha saa, funga kivinjari, fungua tena.

Onyo likibaki, usibonyeze Endelea. Bonyeza alama iliyo kando ya anwani juu, tafuta cheti, unakili kwa mkono nani amekitoa, kimetolewa lini, kinaisha lini. Kisha fungua tovuti hiyo hiyo kwa simu yako, kwa bando lako mwenyewe, si kwa waifai ya ofisi. Linganisha. Mambo yote mawili niandikie.

Fundi wenu wa ofisi usimwambie kitu kwa sasa.

Umesema karatasi imeandikwa na "mtu". Mwandiko wake mzuri? Umenyooka, kama wa mtoto aliyekuwa akipewa zawadi ya mwandiko shuleni? Nauliza tu.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa wateja. Nyumbani wazima, mama amekusalimu bila kujua anakusalimu kupitia nini.

Ni saa, na si saa.

Kompyuta zetu tatu zote zilikuwa zinasoma tarehe mosi Januari ya mwaka ambao Profesa alikuwa bado anatambaa. Mama Faili, karani mwenzangu aliyenitangulia kwa miaka ishirini, kila jioni anazima umeme wote ukutani kwa kuogopa hitilafu. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, inayotunza saa umeme ukizimwa, na zetu zimekufa zote tatu. Kwa hiyo kila asubuhi mashine zinaamka zikiwa zimerudi utotoni. Sisi tuliona onyo jekundu, tukazoea. Nilipoweka tarehe sahihi kwa mkono Mama Faili alisimama nyuma yangu. "Haya, fundi mwenyewe. Kesho tutakukuta unapasua watu."

Nikafungua tovuti. Mjomba, nyekundu ileile. Ila safari hii nilisoma. Zamani maneno madogo yalisema saa yako iko nyuma. Sasa yanasema aliyetoa cheti hatambuliki.

Nimenakili: kimetolewa tarehe 9 Novemba mwaka jana. Kwenye jina la mtoaji kuna herufi na tarakimu tu, hazisomeki kama jina la kampuni wala la mtu. Kwa simu, kwa bando langu, tovuti ilifunguka bila onyo lolote. Cheti chake ni kingine kabisa, mtoaji ni mwingine, tarehe ni nyingine.

Nilikosea jambo moja, nisamehe. Fundi Waya, fundi wetu, alinikuta nikinakili. Akaniambia, "Dada, unaandika barua ya mapenzi kwa kompyuta?" Nikamuonyesha. Uso ulimbadilika, kisha akacheka. Akasema ni kawaida ya mitandao ya serikali, na kwamba nisimchokoze Bwana Taratibu kwa mambo ya vyeti. Alasiri yake kiti changu kilihamishwa dirishani, mahali kila anayepita kwenye ujia anaona kioo changu.

Je, nini kilitokea tarehe 9 Novemba? Na kwa nini simu inaona tovuti moja na ofisi inaona nyingine? Nijibu upesi. Tarehe 20 shahidi wa pili wa kesi ya ghala anatoa ushahidi. Ni mshonaji. Kupitia dirisha la chumba alichokuwa akishonea alimwona mtu akifunga kufuli ya mlango wa ghala.

Kuhusu mwandiko, sijautazama vizuri.

Mpwa wako


27 Machi

Mpwa wangu,

Nilikuwa na homa, ndiyo maana nimechelewa.

Kuna mtu kati. Kompyuta zenu haziongei na tovuti ya mahakama. Zinaongea na kitu kilichosimama katikati, chenye kitambulisho cha kujitengenezea. Hicho kinapokea mnachoandika, kinakisoma, kisha kinaipelekea tovuti ya kweli ili msishtuke. Kimewekwa tarehe 9 Novemba au karibu na hapo. Mlinzi wa getini alipiga kelele siku hiyohiyo, lakini ninyi mlikuwa mmeshazoea kelele za saa.

Usiandike tena nenosiri lako kwenye mashine hizo. Fuata waya wa intaneti unaotoka kwenye ruta, uone unapita wapi kabla ya kuingia ukutani. Usiguse. Tazama tu.

Kumbuka ulifungua majalada gani tangu tarehe 9 Novemba. Usiniandikie. Kumbuka tu.

Mjomba wako


5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Sina salamu nyingine.

Barua yako imefika juzi. Mshonaji alitakiwa mahakamani tarehe 20.

Hakuja. Hakimu alisubiri mpaka saa sita, kisha akaahirisha. Bwana Taratibu akapita kwenye ujia akisema kwa sauti, "Mashahidi wa siku hizi! Akipata nauli tu, anatoroka." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, nikaona wino unaingia kwenye karatasi lakini sijui niliandika nini.

Anwani yake niliiingiza mimi, tarehe 14 Januari. Alikuwa amehamishwa kwa siri. Ilikuja kwenye bahasha yenye lakiri, nikaifungua, nikaandika mtaa, rangi ya mlango, ghorofa. Nilibonyeza Maelezo zaidi. Nilibonyeza Endelea.

Jumamosi nilikwenda kwenye mtaa huo. Ni nyumba ya ghorofa mbili, ngazi iko nje, mlango ni wa buluu kama nilivyoandika. Umefungwa kwa kufuli mpya. Cherehani inaonekana kupitia pazia, nguo ya mtoto ipo chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa na wa pili bado. Jirani, mama mwenye kitambaa cha kichwa, alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Na wewe umetumwa?"

"Hapana mama. Nilileta nguo."

"Nguo yako ipeleke kwingine. Walikuja watu watatu, wameshika karatasi. Sisi hapa tulimjua kwa jina moja, wao wakamwita kwa jingine, akageuka. Alipogeuka, nikajua ni lake."

"Akaenda nao?"

"Mwanangu, nani alimuuliza kama anakwenda?"

Waya nimeufuata. Nyuma ya kabati la majalada ya zamani kuna kisanduku cheusi, ukubwa wa kisanduku cha sabuni. Waya mmoja unaingia, mwingine unatoka, taa ya kijani inakonyeza. Hakina vumbi, na kabati lenyewe lina vumbi la miaka.

Barua yangu ya tarehe 3 uliipata lini, Mjomba? Huku kwenye kaunta ya vifurushi vya basi, ninapopeleka barua zako, wanaandika kitabuni. Wameniambia ilichukuliwa tarehe 6.

Mpwa wako


16 Aprili

Mpwa wangu,

Sikuwa na homa.

Niliipata tarehe 6, nikaisoma mara moja, nikajua. Niliandika majibu usiku uleule nikayachana. Nikaandika mengine, nikayachana. Nilijiambia huenda nimekosea, nisimtishe mtoto wa watu. Zilipita wiki tatu, nami nimekaa hapa natengeneza redio.

Umewahi kuniuliza kwa nini niliacha kazi kubwa nikaja kukaa huku. Mama yako anadhani niligombana na wakubwa. Sikugombana na mtu. Nilikiona kisanduku kama hicho mahali fulani, nikaonyeshwa mlango wa kutokea, nikatoka. Zaidi ya hapo usiniulize. Waliobaki ndani sikuwaambia kitu.

Rudi nyumbani. Sema unaumwa, sema mama anaumwa, sema lolote. Usiandike ripoti. Ripoti inaanzia kwa mkuu wako, na hujui kisanduku hicho ni cha nani.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, rudi hivyo hivyo.

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama amenunua fimbo, anasema ni ya kufukuzia kuku. Tumekubali ni ya kuku.

Sijarudi. Ningerudi, lakini kuna shahidi wa tatu.

Ni mzee aliyekuwa mlinzi wa ghala. Ndiye aliyeamriwa atoe funguo. Bila mshonaji, kesi yote imebaki mdomoni mwake. Atasikilizwa tarehe 22, na Bwana Taratibu ananihimiza kila siku: "Anwani ya shahidi wa tatu iko wapi kwenye mfumo? Kwa mujibu wa taratibu inatakiwa siku saba kabla." Muda wote niliokaa hapa hajawahi hata siku moja kuitaja taratibu hiyo. Bahasha ninayo. Nimeisoma, nimeiweka ndani ya nguo. Nikikimbia leo, itapewa Mama Faili, naye atafuata karatasi iliyobandikwa juu ya kioo chake. Ana imani nayo. Anasema iliandikwa na mtu aliyesoma.

Niliiandika mimi, Mjomba. Karatasi zote tatu. Ulijua tangu mwanzo na ukaniachia nafasi ya kusema, nami nikapita kando yake. Kabla yangu, Mama Faili alikuwa akiogopa onyo lile, anaita mtu kila asubuhi. Nilikuwa mgeni, nikataka waone nina akili. Nikapiga mistari kwa rula. Bwana Taratibu alinisifu mbele ya watu.

Umesema nisiandike ripoti. Sitaandika. Usiniulize nitakachofanya, na usijibu barua hii.

Mpwa wako


24 Mei

Mjomba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye begi langu. Niko mzima.

Tarehe 15 nilifungua kompyuta ya dirishani, mbele ya kila anayepita. Onyo likatokea. Nikabonyeza Maelezo zaidi, nikabonyeza Endelea, nikaandika nenosiri langu. Kwenye nafasi ya anwani ya shahidi wa tatu nikaandika ya chumba changu mwenyewe. Mtaa, rangi ya mlango, yote. Sikuwa na anwani nyingine ambayo ningethubutu kuiandika. Ningeandika ya nyumba yoyote, ndani yake kungekuwa na mtu.

Bahasha ya kweli nilimpelekea hakimu, mkononi mwake, pamoja na nilivyonakili kuhusu vyeti viwili, tarehe zake, na mahali kisanduku kilipo. Ni mama mtu mzima ambaye hajawahi kuitikia salamu yangu. Alisoma mara mbili. Akauliza, "Umemwambia nani hapa?" Nikasema hakuna, ila Fundi Waya alinikuta nikinakili. "Mshonaji ulimwingiza wewe?" Nikasema ndiyo. Akazikunja karatasi zote, akazitia mkobani. Kisha akasema, "Ukiondoka, usiniambie unakwenda wapi."

Nilihamia kwa dobi aliye ng'ambo ya barabara, nikakaa nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Siku mbili hakuna kitu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, likaja gari jeupe. Wawili siwajui. Wa tatu ni dereva wa Bwana Taratibu, yule anayenisalimia kila asubuhi getini, "Habari za wino, karani?" Ana karatasi mkononi. Alipiga hodi kwa adabu, kama mtu aliyekuja kula. Hakujibiwa. Wale wawili wakaingia bila kuuliza. Walipotoka, mwenye nyumba alikuwa kwenye ngazi, nikasikia wanamuuliza anayekaa hapa ni nani. Naye, masikini, anajivunia wapangaji wake. Akasema kwa sauti kubwa, "Hapa? Hapa anakaa karani wa mahakama!"

Dereva alisoma karatasi yake tena. Kisha akainua uso akatazama barabara yote, polepole, nyumba moja baada ya nyingine. Mashuka yalikuwa yanapepea, Mjomba. Nilibana pumzi mpaka nikaona nyota.

Tarehe 22 mzee alitoa ushahidi chemba, milango imefungwa. Nimeambiwa alisema yote. Hukumu sijui itakuja lini, na kisanduku kimeondolewa nyuma ya kabati kabla polisi hawajafika. Mshonaji hajaonekana. Nimemuulizia mahali pawili ambapo mtu huulizia watu wasioonekana, na sehemu ya pili, mochwari, walinifungulia daftari la majina nikasoma mpaka mwisho. Hayumo. Sijui kama nifurahi.

Mama mwambie nimehamishwa kikazi. Profesa mwambie asome.

Nimeambatisha nakala za yote niliyompa hakimu. Hizi usizichane. Zitoe dukani, ziweke mahali ambapo hata wewe utaona tabu kuzifikia.

Ukitaka kunipata, usipige simu, laini nimeivunja. Usije. Andika barua bila jina lako, juu ya bahasha andika "Mwenye mwavuli wa kijani", uipeleke kaunta ya vifurushi ya kituo chako Jumatano, basi la kwanza la asubuhi. Huku ipokelewe na mama mkata tiketi mwenye miwani, si yule kijana. Nitapita kila Alhamisi kabla ya saa sita. Nikichukua, atatia alama ya mstari mmoja kwenye kitabu, na dereva wa basi atakuletea neno kwamba kifurushi kimefika. Mtu mwingine yeyote akikuletea habari zangu, hata akikutajia ni mguu upi unaomuuma mama, mwambie huna mpwa.

Zikipita Alhamisi tatu bila neno la dereva huyo, barua bado iko kaunta: chukua nakala, panda basi, mpelekee hakimu wewe mwenyewe, umwambie sionekani. Alhamisi ya tatu, Mjomba. Usisubiri ya nne.

Mpwa wako